Somo: Kuzungumza na Mtu Usiyemjua



Masomo yaliyotangulia katika jarida hili yalihusu vitambulisho, mizigo ya wafanyabiashara wadogo na namna ya kutoa taarifa kituoni. Somo la leo halihusu karatasi yoyote. Linahusu mazungumzo yanayozuka kati ya watu wawili wasiojuana, foleni inapokuwa haisogei au mvua inapowakusanya chini ya bati moja, na ambao baada ya nusu saa wataachana pasipo hata kuulizana majina. Yamkini mtu atauliza polisi wanatafuta nini katika jambo la namna hiyo. Jibu la kweli ni kwamba sisi tumo miongoni mwa waliochangia kuliharibu, na kwa hiyo ni haki tuwe wa kwanza kulitetea.

Wakazi wa Busia, Malaba na vijiji vya kandokando tumezoea kuuona mpaka huu kama jambo la kale, ilhali hauna umri mrefu. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki yetu, kufika karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo watawala wa Kiingereza waliihamishia upande wa pili, na mto Sio na mto Malaba, iliyokuwa mito ya kunywesha ng'ombe na kufulia nguo, ikageuzwa kuwa mwisho wa nchi. Wasamia wakajikuta wana mashangazi katika dola nyingine, na Wateso vivyo hivyo. Kati ya watu hao salamu haikukatika. Asemaye "Mulembe" katika Busia ya Uganda huitikiwa katika Busia ya Kenya, na "Yoga" ya Tororo ni ileile ya Amagoro.

Lakini hao ni ndugu, na ndugu si mgeni. Wageni wetu hasa ni wale wasio na shangazi hapa: dereva aliyetoka Mombasa akielekea Juba, mama wa Kikongo aliyebeba vitenge, kijana wa Burundi anayetafuta basi la Nairobi, msafiri aliyeibiwa simu na sasa ameketi juu ya begi lake tangu asubuhi. Kwa watu hao tumejifunza kunyamaza. Tunawauzia maji na ndizi, tunawabadilishia fedha, tunawaonyesha choo kilipo, basi. Mtu wa mpakani amefundishwa na maisha kwamba anayeuliza sana huenda ni mpelelezi, na anayejibu sana huenda akaitwa shahidi. Sina haki ya kumlaumu. Nataka tu tuupime ukimya huo, tuone gharama yake inamwangukia nani.

Yadi ya malori

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia katika kanda yetu, madereva wa malori ndio walioelekezewa hofu ya kila mtu. Mizigo iliruhusiwa kuendelea kupita, kwa kuwa mafuta, dawa na chakula haviwezi kungoja, lakini madereva walipaswa kupimwa na kusubiri majibu. Foleni ya malori yaliyokuwa yakielekea Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Mama waliozoea kuwauzia chai waliiweka chupa kando ya barabara wakarudi nyuma. Nilimwona mtoto akitupa chini sarafu aliyopewa na dereva, kisha akaifuta mkono kwenye majani.

Wakati huo nilikuwa konstebo, nikapangiwa zamu katika yadi moja ya upande wetu walikokaa madereva wakisubiri majibu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hatoki mtu wala haingii mtu, na kujaza daftari. Kila asubuhi nilipita, nikasimama mbali kidogo na kila gari, nikauliza: Jina? Namba ya gari? Umetoka wapi? Unakwenda wapi? Ulipimwa lini? Siku ya tatu dereva mmoja, mtu wa pwani mwenye umri wa baba yangu mdogo, alijibu yote kwa utulivu, kisha akasema:

"Afande, tangu juzi umeniuliza mengi. Bado hujaniuliza habari yangu."

Nilikasirika, nami sioni sababu ya kuficha. Niliona amenivunjia heshima mbele ya wenzake. Nikamwambia kwa ukali, "Haya, habari yako?"

"Si nzuri. Baba yangu amezikwa jana huko Kilifi, baada ya sala ya alasiri."

Hakulia. Alieleza kwamba simu ilimfikia akiwa ndani ya gari, na tangu hapo hakuwa amemwambia mtu. Madereva wengine walikuwa wamejifungia, kila mmoja katika gari lake, na nyumbani walikuwa na majonzi yao ambayo hakutaka kuyaongeza. Nikasema, "Pole sana, mzee," kisha nikabaki nimesimama. Nilijua kupekua gari, nilijua kuandika maelezo ya shahidi. Kusimama tu mbele ya mtu aliyefiwa, bila kuandika, sikujua.

Yeye ndiye aliyenisaidia. Aliniuliza, "Na wewe, baba yupo?" Nikajikuta namwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mwenzangu wa zamu: kwamba baba yangu alinipigia simu wiki iliyotangulia, akaniomba nisiende nyumbani mpaka ugonjwa utakapokwisha, kwa kuwa majirani walikwisha kujua kwamba nakaa na madereva. "Basi sote wawili tumezuiwa kwenda kwa baba zetu," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Tulizungumza yapata saa nzima, yeye akiwa ameketi kwenye ngazi ya gari, mimi nikiwa nimesimama juani na daftari kwapani. Baba yake alikuwa mshona nyavu. Hakuwahi kufika Uganda, lakini kila mwanawe aliporudi safari alimuuliza kama ameuona mto Nile pale Jinja na kama maji yameongezeka. Lilikuwa swali lao la miaka mingi, na jibu lilikuwa lilelile kila mara: maji ni yaleyale, baba. Mwaka ule, kama mnavyokumbuka, maji ya ziwa Viktoria yalikuwa yamepanda kupita kiasi, mashamba na nyumba za ufukweni zikafurika. Kwa mara ya kwanza dereva yule alikuwa na jibu jipya la kumpelekea mzee wake.

Majibu yake yalitoka kesho yake, akaondoka. Jina lake niliandika katika daftari mara nne, na leo silikumbuki. Swali la baba yake nalikumbuka kila nivukapo daraja la Jinja.

Kwa nini mgeni?

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mzee yule aliniambia mimi, tena baada ya siku tatu za kuhojiwa. Mwanazuoni wa Kijerumani, Georg Simmel, katika insha fupi ya mwaka 1908 kuhusu mgeni, alitambua kwamba watu humfungulia mgeni mambo ambayo huwaficha hata walio karibu nao kabisa. Sababu yake si ngumu. Mgeni hana upande katika ugomvi wa nyumba yako. Hana shamba linalopakana na lako, wala binti anayetaka kuolewa na mwanao. Nami naongeza lile ambalo mtu wa kijijini analijua bila insha: mgeni huondoka na ulichomwambia. Neno ulilomwambia jirani utalikuta kisimani kesho asubuhi, limekwisha kuota miguu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu tunaieleza methali hii kwa upande wa tumbo: mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata paja. Sipingi maelezo hayo, kuku ni jambo zito. Lakini tazameni nani anayeponywa katika methali hiyo. Si aliyechoka na safari. Ni yule aliyekuwa amekaa nyumbani. Katika yadi ile mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji, na mimi ndiye niliyerudi kambini jioni nikiwa mwepesi kuliko nilivyotoka.

Basi mbona tunaona vigumu kuanza? Watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyoyafanya, miongoni mwao likiwemo moja la abiria wa treni za kwenda kazini mjini Chicago. Baadhi ya abiria waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao kimya, wengine wasafiri kama kawaida yao. Waliozungumza ndio waliosema kwamba safari yao ilipendeza zaidi. Lakini watu wengine walipoombwa wakisie tu matokeo, walikisia kinyume chake: walidhani raha imo katika kukaa kimya. Kila mtu ndani ya behewa alikuwa akiamini kwamba mwenzake ndiye asiyetaka kusemeshwa.

Msomaji wa huku kwetu huenda akacheka akisikia kwamba ilihitajika elimu ya chuo kikuu kugundua utamu wa mazungumzo. Na acheke, ila asicheke sana. Panda taksi ya abiria kumi na wanne kutoka Busia hadi Kampala uhesabu vichwa vilivyoinamia simu. Mabasi ya zamani, ambamo kuku wa mtu mmoja alilala miguuni pa mtu mwingine, hayakumpa mtu nafasi ya kujitenga. Tumepata starehe, tumepoteza kisingizio cha kusemeshana.

Mji wetu hasa haufai kusahau jambo hili. Neno "bodaboda", ambalo leo linatumika katika Afrika Mashariki yote, lilizaliwa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli waliwabeba watu na mizigo yao katika kipande cha njia kilichotenganisha kituo cha nchi moja na cha nchi nyingine, wakinadi safari yao kwa jina la mpaka hadi mpaka. Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo ujanani aliniambia kwamba kipande kile kilikuwa kifupi, lakini shingo yake ilisikia mengi kuliko sikio la padri. Abiria hamwoni mwendeshaji usoni, naye mwendeshaji hamwoni abiria. Mtu husema yaliyo moyoni, hulipa, huvuka. Siku hizi pikipiki zina mwendo na kelele, na maneno huchukuliwa na upepo. Hata Kituo cha Pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimetupunguzia saa nyingi za kungoja, nasi tunashukuru kwa dhati. Hata hivyo mabenchi ya kungojea yalikuwa na kazi yake, na kazi hiyo sasa haina mahali.

Kiswahili cha amri

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu lugha tunayoitumia katika ukurasa huu. Katika Uganda, Kiswahili kilibebwa kwa muda mrefu na askari. Tangu enzi ya ukoloni kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wetu walioishi katika miaka ya 1970 walikisikia aghalabu kwenye vizuizi vya barabarani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na watoto sasa wanafundishwa shuleni. Pamoja na hayo yuko bibi katika kijiji ninachokihudumia ambaye, akisikia Kiswahili nje ya mlango usiku, huzima taa.

Kiswahili nilichojifunza mimi kilikuwa cha namna hiyo. Simama. Kaa chini. Leta kitambulisho. Fungua buti. Kilikuwa na vitenzi vya kuamuru, na karibu hakuna kingine. Dereva yule wa pwani alikuwa na lugha hiyohiyo, lakini mkononi mwake ilikuwa chombo kingine kabisa: hujambo, waonaje hali, za huko utokako, watoto hawajambo, haya tushukuru. Kabla hajafika kwenye jambo lolote alikuwa amekwisha kukuuliza juu ya mwili wako, nyumba yako na safari yako, na kukupa nafasi ya kujibu au kutojibu. Nilipopata zamu ya kizuizini baadaye, nilianza kusema "Habari za safari?" na kungoja jibu kabla ya kuomba karatasi. Ilinigharimu nusu dakika kwa kila gari. Wenzangu walinitania wakaniita Shehe. Dereva wengi walijibu "nzuri" wakaishia hapo, nami sikutaka zaidi. Mmoja mmoja alishusha bega.

Halafu kikaja kishawishi, nami nakitaja kwa kuwa wenzangu wa kazi hii pia wanasoma jarida hili. Mtu akisalimiwa vizuri hulegea, na mtu aliyelegea husema. Askari mwerevu anaweza kuifanya salamu kuwa ndoano. Nimewahi kushauriwa hivyo, tena kwa nia njema. Nilikataa, na bado nakataa. Anayezungumza nawe ili apate taarifa bado anakuhoji, ila amevua sare. Wananchi hulitambua hilo upesi, na wakilitambua mara moja, askari wote waliobaki huitikiwa "nzuri" ya mdomoni kwa miaka kumi. Upelelezi una njia zake na kanuni zake. Habari za safari ziachwe ziwe habari za safari.

Kwa raia kanuni ni ileile, kwa sura nyingine. Anayetaka kumsemesha mtu asiyemjua asianze na maswali ya nani, wapi na kiasi gani. Maswali hayo ni yetu sisi wenye daftari, na mpakani humfanya kila mtu akaze mkono wa begi. Usimwulize amebeba nini, ana fedha kiasi gani, wala atalala wapi usiku. Anza na kile mnachokiona nyote wawili: wingu lililo juu ya Tororo, foleni, gurudumu lililopasuka, mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake. Toa jambo lako dogo kabla hujataka lake. Ukijua neno moja la lugha yake, litumie hata kama utalikosea; "Mulembe" iliyokosewa huchekesha, na kicheko kimekwisha kuwa mazungumzo. Naye akitazama kando, mwache. Kunyamaza pia ni haki ya msafiri, na pengine amefiwa.

Hadhari

Nisingekuwa nimetimiza wajibu wangu nikiwaambia mzungumze na kila mtu nikaishia hapo. Njia hii hii hupitishwa wasichana na vijana walioahidiwa kazi za nyumbani au hotelini, Nairobi au Uarabuni, na baadhi yao hawafiki kwenye kazi waliyoahidiwa. Uganda ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2009, na sheria hiyo inatuhitaji sote. Mlaghai naye ni mtu usiyemjua anayezungumza vizuri. Lakini mazungumzo yake yana haraka. Ndani ya saa moja ameshataka kitambulisho chako akutunzie, ameshakusihi usimwambie mama, ameshapanga gari. Mpita njia wa kawaida hana shida na kitambulisho chako. Shida yake ni mvua.

Na hapa ndipo maneno machache ya bure yamewahi kufanya kazi ambayo hakuna aliyeyatuma. Mwuza chapati mmoja alimsalimia msichana aliyekuwa amesimama na mwanamume mtu mzima, akamwambia tu kwamba gauni lake linafanana na la binti yake. Mwanamume ndiye aliyejibu. Akamwuliza msichana kama ameshakula. Mwanamume akajibu tena. Mama yule hakuwa mpelelezi, wala hakuwa anatafuta kosa. Alikuwa na tabia ya kusemesha wateja, na kwa kuwa aliwasemesha wengi, alijua sauti ya mtu inavyokuwa akiachwa aseme mwenyewe. Alimtuma mwanawe kwetu. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa ameambiwa kwamba mwanamume yule ni mjomba wake mpaka watakapovuka. Leo yuko kwao.

Ukiona jambo kama hilo, usimkabili mtu huyo peke yako. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo kilicho karibu, na umwache msichana akuone ulipo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Ni lini mara ya mwisho ulipozungumza na mtu ambaye hukumjua kabla na hukumwona tena? Alikuambia nini, nawe ulimwambia nini ambacho nyumbani hawakijui hata sasa, ikiwa unaweza kukisema?

Katika kijiji chako, wageni wanaopita hukaa wapi wakingoja usafiri? Je, wenyeji nao huketi hapo, au wageni wamepewa upande wao? Nani aliyeamua hivyo, na tangu lini?

Wazee waliopo waeleze walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa nani, na katika hali gani. Askari atakayehudhuria asikilize swali hili mpaka mwisho bila kujitetea.

Kiongozi wa kikundi ahakikishe kwamba kila mmoja ameketi karibu na mtu wa kijiji kingine, na kwamba chai inaletwa kabla ya swali la tatu, si baada yake.